Kamusi Inayoishia S

Kibondo,
Ijumaa, 12 Januari 2024

Mwalimu Wilondja,

Shikamoo. Ni mimi Mwamvua, binti wa yule mama mwenye mguu mgonjwa aliyelazwa wodi moja na Mama Deborah wako pale Kasulu, mwezi wa kumi. Mama anaendelea vizuri, anakusalimu, na mpaka leo anacheka akikumbuka ulivyomgombeza mfamasia kwa Kifaransa. Simu yako siipati. Pasikali ameniambia laini imefungwa, ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani. Yeye hupita huko na fuso la maharage kila baada ya wiki mbili, atakuletea.

Nina shida, na shida yenyewe inanitia kinyaa hata kuieleza. Shule ninayofundisha ni ya kulipia, ya Kiingereza, na mwenye shule ni Mzee Tamimu, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye "good morning", na hiyo huisema hata saa kumi jioni. Alikwenda Mwanza, huko akaona watoto wanapewa herufi tatu watafute maneno yote ya Kiingereza yenye herufi hizo. Karudi kichwa kimejaa. Sasa kila Ijumaa watoto wetu watapewa herufi zao, muhula ukikaribia mwisho kutakuwa na shindano mbele ya wazazi, na mimi ndiye nitengeneze orodha za majibu. Orodha kumi na mbili, na hakuna itakayopungua maneno mia. Alinipa kazi hiyo huku anachokonoa meno kwa kijiti, akakitoa, akakitazama, akakirudisha kinywani. Siku ile chai ya shule sikuinywa.

Mwalimu, Kiingereza changu ni cha kufundishia darasa la pili. Maneno mia siyawezi. Nikakumbuka kule wodini mlikuwa na kamusi isiyo na jalada, na mkicheza mchezo kama huo nyuma ya karatasi za dawa. Wewe ulifundisha Kiingereza Uvira. Nisaidie, tafadhali. Herufi za kwanza ni A, R na T, ziwemo zote tatu katika neno, kwa mpangilio wowote. Pasikali ana kidumu chako cha asali na madaftari manne. Naomba jambo hili libaki kati yetu.

Wako,
Mwamvua Nurudini


Nyarugusu,
27 Januari 2024

Mwalimu Mwamvua,

Jambo sana, na aksanti kwa asali. Watoto wameilamba mpaka kidumu kimekuwa safi kuliko nilivyokipokea.

Orodha yako ya A, R na T ndiyo hii, maneno mia na kumi na nane. Nikuelezee namna ya kazi, usije ukadhani ni mchezo wa wodini. Kamusi inafunguliwa ukurasa wa kwanza, kidole kinashuka mstari kwa mstari, vile mtu anachambua maharage. Neno lenye herufi zote tatu linabaki ungoni, lisilo nazo linatupwa. Hakuna kuruka hata ukurasa mmoja. Lakini ujue kamusi yetu inaishia S. Kurasa za T mpaka Z tuliwashia moto tulipokimbia, mvua imetupiga siku tatu na kuni zote zimelowa. Kwa hiyo neno linaloanza na T, au U, au W, usilitazamie kutoka kwangu.

Huku unga wa mwezi huu umekuja na wadudu, wanatembea juu ya ungo kama wenye nyumba. Mama Deborah anawatoa mmoja mmoja, mimi siwezi hata kutazama. Nakaa nimegeukia ukuta.

Sasa ombi langu. Shirika moja linafungua maktaba ya watoto hapa kambini, na wanatafuta mtu mmoja wa kuitunza. Diploma zetu ziliungua, hawazidai. Wanataka atestasio, yaani barua yenye muhuri wa shule yoyote, inayosema kwamba mtu huyu amefanya kazi ya maneno ya Kiingereza na ameiweza. Mahojiano ni mwisho wa mwezi wa tano. Mwalimu, ni mwaka wa tisa huu ninakaa. Mtu anaanza kunuka uvivu usio wake, na anausikia mwenyewe. Barua hiyo moja ndiyo malipo ninayotaka kwa orodha zote kumi na mbili. Usipoileta, mlango huo haufunguki mara ya pili.

Wilondja


Kibondo,
10 Februari 2024

Mwalimu Wilondja,

Shikamoo. Orodha nimeipata na nimeisoma mara mbili kwa raha yangu tu. Kumbe heart imo, na earth, na party! Ningekaa mwaka mzima nisingeyaona. Halafu huo mwandiko! Mwandiko wako wa orodha ni mzuri kuliko wa barua, umenyooka utafikiri umepigwa rula. Uliandika umekaa mezani au vipi?

Nilimpelekea Mzee Tamimu. Alilowesha kidole kwa mate kila alipogeuza karatasi, mpaka pembe za orodha zikalainika. Nilipomwona anakipeleka kidole kile kile kwenye sahani ya maandazi, nikamwomba ruhusa nitoke. Ameifurahia sana. Sasa anataka kila neno liwekewe maana yake kwa Kiswahili, wazazi waone thamani ya ada yao. Hilo usihangaike nalo, nitajaza mwenyewe.

Herufi zinazofuata ni E, N, D, halafu O, I, L, na nyingine nimeziandika nyuma ya barua. Atestasio niachie mimi. Muhuri upo kwenye droo ya Mzee, nitaupata siku akiwa na moyo mweupe.

Mwamvua


Nyarugusu,
9 Machi 2024

Mwalimu Mwamvua,

Pasikali ana orodha saba. Tano zilizobaki zinakuja na safari yake ijayo. Mwandiko usiulize, orodha inaandikwa kwa utulivu na barua inaandikwa na mtu mwenye njaa.

Hapa nyumbani kumeharibika kidogo. Jana maharage yameungua mpaka chungu kimepasuka, nyumba nzima inanuka, na Mama Deborah alikuwa amekaa palepale karibu, macho kwenye kamusi. Nilipomgombeza akanijibu kwamba alikuwa kwenye L na hawezi kuachia L katikati. Mwanamke aliyekuja hapa hajui hata neno moja la Kiingereza, leo ananiuliza mimi tofauti ya lend na borrow! Nimemwambia apike.

Tuma biki mbili za buluu, hizi zimekauka. Na atestasio, Mwalimu. Sijaiona kwenye bahasha. Huenda Pasikali ameiangusha.

Wilondja


Kibondo,
Jumapili, 28 Aprili 2024

Mwalimu Wilondja,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Orodha zote kumi na mbili zilifika. Jana ndiyo lilikuwa shindano.

Nikueleze lilivyokuwa. Mzee Tamimu alikodi viti na maspika, akavaa suti ya kijivu ambayo kwapani imepata ramani. Wazazi walijaa. Watoto walipandishwa jukwaani mmoja mmoja wakakariri, yaani walikariri tu, hakuna aliyetafuta kitu. Zaitun wa darasa la tano ndiye aliyeshinda, alimwaga maneno sitini bila kupumua, kuanzia carton mpaka grattle, akasema na maana: grattle, aina ya ndege mdogo wa Ulaya. Dennock, kofia ya wazee. Tolivy, ugonjwa wa meno. Ukumbi ulisimama kupiga makofi. Baba mmoja muuza vitenge alikuwa akifuta machozi. Mgeni rasmi akasema Kibondo sasa imefika Ulaya, na Mzee akacheka na kumpulizia vipande vya karanga usoni.

Kuhusu barua yako, mambo yamekuwa mengi. Muhuri ulikosa wino, halafu droo ikafungwa na ufunguo ukaenda Kakonko na mhasibu. Vumilia kidogo.

Mwamvua


Nyarugusu,
8 Mei 2024

Mwalimu Mwamvua,

Sitakuuliza hali.

Pasikali amenionyesha kijitabu. Amekinunua Kasulu kwa Haidari, kimebanwa kwa kibanio pale dukani pamoja na bahasha na kadi za harusi. Maneno ya Dhahabu. Chini yake: kimetungwa na Mwalimu Mwamvua Nurudini, Mkuu wa Idara ya Kiingereza. Nyuma kuna picha yako umevaa miwani. Kule wodini hukuwa na miwani.

Nimefungua nikaona maneno yetu yote, mstari kwa mstari, hata mpangilio hukubadilisha. Nilidhani nimekwisha kuzoea kuibiwa, maana mimi nimeibiwa na watu wenye bunduki. Lakini hao hawakuniandikia shikamoo kwanza. Wewe umekaa na mke wangu wodini, umekunywa uji wa kikombe chake, halafu umechukua kazi ya miezi minne, ya macho ya mtu, ukaivalisha miwani ya kuazima. Na ufunguo eti umekwenda Kakonko. Unanitia kinyaa, Mwalimu, na ninakuandikia neno hilo kwa kituo.

Mahojiano ni tarehe ishirini na nne. Leta atestasio. Baada ya hapo usiniandikie.

Wilondja


Kibondo,
14 Mei 2024

Mwalimu Wilondja,

Sina uso wa kukuamkia, lakini naamkia hivyo hivyo. Shikamoo.

Yote uliyosema ni kweli. Siku ya kwanza Mzee aliponiuliza nimeyapata wapi maneno haya, mdomo wangu ulisema "nimekesha nikiyatafuta" kabla sijauzuia. Siku ya pili nikawa Mkuu wa Idara. Baada ya hapo kila nilipoishika kalamu kuandika atestasio, niliona kwamba nikiandika jina lako, langu linafutika. Ufunguo haukwenda popote. Picha ilipigwa studio na miwani ni ya mpiga picha. Ilikuwa na mafuta ya nyuso za watu wengine kwenye masikio, na nikaivaa. Siku hizi nikijiona kwenye kioo cha duka la baba napita haraka.

Ijumaa Mzee alipokwenda msikitini niliingia ofisini nikachukua muhuri. Barua ndiyo hii ndani ya bahasha. Inasema kwamba Bwana Wilondja Mulenda amekusanya orodha kumi na mbili za maneno ya Kiingereza kwa ajili ya shule yetu, kuanzia A, R, T mpaka ya mwisho, kwa uangalifu na bila kuchoka. Upate kazi hiyo. Mungu akufungulie.

Salamu kwa Mama Deborah. Uji wake sijausahau.

Mwamvua


Nyarugusu,
1 Juni 2024

Mwalimu Mwamvua,

Wewe na mimi tulilala wodini tukitazamana wiki mbili, wewe ukimuuguza mama yako, na hukuwahi kuniuliza jina. Mama Deborah, Mama Deborah, utafikiri nilizaliwa nimembeba Deborah mgongoni. Jina langu ni Anne-Marie Asende. Barua zenu nimezisoma zote, zako na nakala za zake, zilikuwa kwenye kopo chini ya unga. Wilondja anajua wadudu siwaogopi, sijui kwa nini alizificha pale.

Maneno ni yangu, yote. Wilondja alifundisha Kiingereza Uvira, ndiyo, lakini kukaa na kamusi saa nne hawezi, anasikia usingizi kwenye B. Mimi nilishusha kidole. Mwanzo sikujua neno linasema nini, nilichambua tu, A hii, R ile, T ipo, weka. Ukichambua kitu miezi minne unakijua, hata kama hukutaka. Aliniambia anakuandikia ili nipate atestasio yangu, ya kazi ya maktaba. Nilimwamini. Nilikuwa nimekwisha kushona na sketi.

Bahasha yako ilipofika aliifungua akiwa amenipa mgongo, halafu akaomba pasi ya mkaa kwa jirani akapiga pasi koti lake. Nilipouliza akasema jina lililoandikwa ni lake, afanyeje, karatasi ndiyo imesema. Nilikuwa nasonga ugali. Nikautazama mwiko, nikaona nikiuinua sitauweka chini, nikatoka nje.

Sasa sikiliza, maana hapa utacheka, kisha utaacha kucheka. Katika kila orodha niliweka neno moja la kutunga. Nililiunga mwenyewe, nikalipa mkia wa Kizungu lifanane na wenzake. Kwa nini? Kwa sababu Wilondja alikuwa akizikunja orodha na kuzitia kwenye bahasha bila kuzisoma, akiweka jina lake chini. Nilitaka kujua kama yupo mtu hata mmoja atakayeyasoma maneno yangu. Nikasema atakayesoma ataliona, ataniuliza, na mimi nitacheka naye. Grattle hakuna. Dennock hakuna. Tolivy hakuna, na hilo ungelijua hata ukiwa umefumba macho, maana linaanza na T na kamusi yetu inaishia S. Mliambiwa hivyo. Yako mengine tisa.

Nilingoja. Mume hakuona, wewe hukuona, mzee wako mwenye kijiti hakuona, wazazi wakasimama wakapiga makofi. Na wewe ukayaandikia maana! Ndege wa Ulaya. Kofia ya wazee. Ulikaa mahali, ukatazama neno usilolijua, ukaona haya kusema hulijui, ukalitungia uongo na kumlisha mtoto wa watu. Niliposoma hapo niliacha hasira nikabaki na kichefuchefu tu, kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali na ugali amekwisha kuumeza.

Wilondja alikwenda kwenye mahojiano na koti lake. Dada wa shirika akasoma atestasio, akaandika A, R, T ubaoni, akamwambia vizuri tu, Mzee, tuonyeshe kazi, maneno kumi. Akaandika matatu. Akatoa jasho. La nne akaandika grattle. Dada akauliza ni nini, naye akajibu alivyosoma kwenye kijitabu chako, ndege mdogo wa Ulaya. Walifungua simu zao wakatafuta. Alirudi nyumbani, akavua koti, akaliacha limegeuka ndani nje, akalala. Namhurumia na siwezi kula naye sahani moja, vyote viwili kwa pamoja.

Hawakumchukua mtu. Mahojiano yanarudiwa tarehe kumi na tano mwezi huu, na mimi nitakwenda. Nataka atestasio yenye jina langu na muhuri. Andika kazi niliyoifanya, usiongeze na usipunguze. Ukikosa maneno, nina ya kukupa. Hilo dennock sikuwa nimelipa maana. Sasa nimelipa: ni mtu anayetia jina lake kwenye jasho la mwenzake. Ninaye mmoja hapa nyumbani, na mwingine anafundisha Kibondo.

Anne-Marie Asende


Kibondo,
Ijumaa, 7 Juni 2024

Dada Anne-Marie,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama dukani kwa baba, nikaomba kiti. Nilikwenda nyumbani nikakichukua kijitabu na kulinganisha kila neno na kamusi ya kwenye simu, nikiyatafuta yale tisa. Nimeyapata yote, moja moja, na kila moja nimekuta nimeliandikia maana. Moja nimeandika "chombo cha kupimia maziwa". Nilikumbuka hata siku niliyoliandika, nilikuwa nakula embe na nilijisikia hodari. Nimetapika, Dada, si kwa maneno, kwa kweli.

Atestasio imo humu. Nimeandika hivi:

"Kwa yeyote anayehusika. Orodha zote kumi na mbili za maneno ya Kiingereza zilizo katika kijitabu Maneno ya Dhahabu zimetafutwa na Bi. Anne-Marie Asende wa Nyarugusu, peke yake, neno kwa neno, katika kamusi isiyokamilika. Maneno kumi na mawili kati yake ameyatunga kwa makusudi apate kujua kama kuna anayesoma. Hakuna aliyesoma. Maana za uongo za maneno hayo nimezitunga mimi, Mwamvua Nurudini, ambaye jina langu liko kwenye jalada bila haki. Bi. Asende anaweza kazi ya maneno kuliko mtu yeyote katika shule hii."

Safari hii sikuuiba muhuri. Niliipeleka kwa Mzee Tamimu mchana, mlango wazi, nikaiweka mbele yake na kungoja anifukuze. Alikuwa anakula muwa. Akafuta mkono kwenye suruali, akauliza kama ni ile barua ya wizara, na kabla sijajibu akapiga muhuri, akatema makapi kwenye ndoo, akaniambia "good morning". Hakusoma hata mstari mmoja. Utaona alama ya kidole chake pembeni, inanata. Unisamehe kwa hiyo pia.

Lakini muhuri ni wa kweli, na jina ni lako. Pasikali ameapa atakukabidhi mkononi mwako, si kwa mwingine yeyote. Vaa hiyo sketi.

Jumatatu nitasimama mbele ya darasa na kufuta yale maneno kwenye vitabu vya watoto, na jioni wazazi watakuwa wamejua, na Jumanne sijui nitakuwa nafundisha wapi. Nitafuta kumi na moja. La kumi na mbili nitaliacha ubaoni, na Zaitun akiniuliza maana yake, kwa sababu ataniuliza, nitajionyesha kwa kidole.

Mimi dennock wa Kibondo,
Mwamvua Nurudini